UZI: Boti ndogo ya uvuvi na pikapu ya kawaida, namna ya kuchagua na kuvuta

Mshipi Mrefu (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Kuna watu kama watatu wameniuliza pembeni kuhusu kuvuta boti kwa gari ndogo, nikaona niweke hapa tu wote wasome na wenye uzoefu zaidi waongezee.

Niko Dar, upande wa Mbezi Beach. Gari yangu ni Hilux ya zamani ya milango miwili, injini ya dizeli isiyo na tabo, aina ile inayoitwa 5L, gia za mkono, haina fowili. Ndo gari la kazi ambalo wengi wetu tunalo. Navua wikendi, mshipi na kurambaza (kukokota chambo nyuma ya boti), changu na chewa chini, kolekole, na nguru msimu ukikubali. Sivui ndani ya Mbudya wala Bongoyo wala Fungu Yasini maana yale ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, natoka nje yake.

Boti ya kwanza nilichagua kwa macho. Nikaona boti ya faiba futi 19, kifua kipana, mashine ya farasi 40 ya Yamaha Enduro, muuzaji akaniambia hii hata Zanzibar unaenda, mi nikatoa hela. Sikuuliza swali hata moja kuhusu uzito. Tela nikachongewa na fundi wa geti, ekseli moja ya gari iliyokufa, haina breki, nikaona limenyooka nikafurahi.

Safari ya kwanza ya mbali naenda Bagamoyo, nimepita Bunju, kuna kamteremko kadogo pale mbele spidi ikafika kama 80, tela likaanza kucheza mkia. Kulia kushoto kulia kushoto, kila likirudi linarudi kwa nguvu zaidi, matako ya gari yanavutwa, na mbele inakuja daladala imejaa watu. Wakuu sitasahau ile siku. Sikukanyaga breki, nikaachia mafuta taratibu, usukani nikaushika umenyooka bila kushindana nalo, gari ikapungua yenyewe mpaka 50 ndo tela likatulia. Nikapaki pembeni nikakaa chini ya mwembe nusu saa nzima, mikono haiko sawa.

Jumatatu yake nikalipeleka lote kwenye mizani ya yadi moja ya chuma chakavu. Mimi nilikuwa nimepiga hesabu ya kichwani hivi: boti 520, mashine kilo 72 hivi, petroli lita 50 ni kama kilo 37 (petroli ni nyepesi kuliko maji, lita moja ni robo tatu ya kilo), barafu na sanduku lake 100, nanga na kamba na vikorokoro 40, tela lenyewe 320. Jumla 1,089. Mizani ikasema 1,120. Zile 31 zilizozidi nikaja kujua baadae ni maji yaliyokuwa yamejificha chini ya sakafu ya boti.

Sasa ukifungua vitabu vya gari nyingi za aina yetu, tela lisilo na breki zake lenyewe mwisho ni kilo 750. Hata Hilux mpya kabisa ambayo inavuta zaidi ya tani tatu, hizo tani tatu ni kwa tela lenye breki, ukitoa breki inarudi palepale 750. Yaani injini siyo inayoamua, kinachoamua ni kusimama. Gari inaweza kuvuta tani na nusu ikaondoka nayo vizuri tu halafu ikashindwa kuisimamisha mbele ya mtoto anavuka barabara.

Kwahiyo nikauza ile, nikachukua futi 15, mashine ya 15. Hesabu yake: boti 270, mashine karibu 40, tenki moja la lita 25 kilo 19, barafu 40, nanga 15, vifaa 20, tela jepesi 180. Jumla 584. Hapo nina nafasi ya zaidi ya kilo 150 kabla sijagusa mwisho, na gari inapanda mlima kwa gia ya tatu bila kulia.

Ushauri wangu ambao nausimamia: anza na gari, toa uzito wa tela, toa mashine, mafuta, barafu, na kila kitu utakachobeba, kinachobaki ndo uzito wa boti unayoruhusiwa kuitafuta. Ukianza na boti utadanganywa na urefu wake. Na futi hazipandi kama ngazi jamani, futi 15 kwenda 19 ni futi nne tu lakini uzito unakaribia mara mbili, maana boti ikirefuka inapanuka na inaongezeka kina kwa wakati mmoja.

Nitaendelea na habari ya tela na kushua (kushusha boti majini), ngoja nile kwanza.

Kijana wa Goba

Kaka asante sana kwa huu uzi umekuja wakati muafaka. Mimi nina Hilux kama yako ila ni 3L, nimeonyeshwa boti futi 15 Kunduchi, ya mkono wa pili, imepakwa rangi mpya inang'aa. Naomba kujua nikifika pale naangalia nini, maana boti sijawahi kumiliki, nimezoea kupanda za watu tu.

Fundi Faiba

Kijana, rangi mpya kwenye boti kuukuu ndiyo kitu cha kwanza cha kukutia wasiwasi. Nimefanya kazi ya faiba miaka mingi, nakwambia hivi.

Nenda na nyundo ndogo ya mpira au hata mpini wa bisibisi. Gonga boti nzima, chini na ubavuni, polepole. Faiba nzima inalia kwa ukali, ko, ko, ko. Ukifika mahali inajibu kwa sauti ya kufa, bup, hapo tabaka zimeachana au kuna maji ndani. Weka alama kwa chaki. Alama moja mbili hazina neno, zikiwa upande mzima achana nayo.

Halafu nenda nyuma kwenye tezi, ule ukuta unaobeba mashine. Watu wengi hawajui kwamba ndani ya ule ukuta kuna mbao, plaiwudi, faiba ni nguo tu. Mtu akitoboa tundu la bolti asizibe vizuri maji yanaingia, mbao inaoza kimyakimya miaka mitatu minne, nje unaona pazuri kabisa. Kuipima: mashine ikiwa imefungwa, iteremshe, shika ule mguu wa chini karibu na pangaboi, nyanyua na shusha kwa nguvu huku mwenzako anaangalia ukuta. Ukiona ukuta unapumua, unakwenda na kurudi, mbao imeoza. Kuitengeneza inawezekana lakini ni kukata, kukausha, kutia plaiwudi mpya na mati na resini, siyo kupaka pati juu. Kama muuzaji anakubali kushusha bei ya kazi hiyo, sawa. Kama anasema "hiyo ni kawaida", ondoka.

Jambo la tatu, muulize mashine ni ya shafti fupi au ndefu. Ukuta wa tezi wa inchi 15 unataka fupi, wa inchi 20 unataka ndefu. Nimeona watu wamefunga ndefu kwenye ukuta mfupi, mguu unazama mno, boti inakuwa nzito na inanyonya mafuta, mwenyewe analaumu mashine. Lile bapa lililo juu ya pangaboi lilingane na sakafu ya chini ya boti, hapo umefunga sawa.

Kijana wa Goba

Shikamoo mzee, nashukuru sana. Kesho naenda na nyundo.

Fundi Faiba

Marahaba mwanangu. Nenda asubuhi boti ikiwa kavu, siyo imetoka kuoshwa.

Mvita

Salaam ndugu zangu, mie niko Mombasa. Naona mwasema faiba tu, na mbao je? Huku kwetu mtu aweza kupata mashua ndogo ya mbao kwa bei ya chini sana kuliko faiba, na fundi wa kuitengeneza yuko kila mahali. Hiyo yavutika?

Mshipi Mrefu

Ndugu wa Mombasa karibu sana. Mbao inavutika ila kwa safari fupi. Mbao ikikaa nchi kavu juani wiki mbili tatu inakauka, mianya inafunguka, ukiishusha inavuja mpaka ivimbe tena. Boti ya mbao inataka kukaa majini au kwenye kivuli chenye unyevu, na sisi wa kuvuta boti inakaa uani nyumbani siku sita kwa wiki. Pia tela linaishikilia kwa sehemu chache tu, kila shimo la barabarani misumari inalegea. Na uzito wake haueleweki, ikinywa maji leo siyo ya jana.

Mvita

Hapo umesema kweli. Wazee wetu wakipaka sifa (mafuta ya papa) na kutia kalafati kuziba mianya ila ni kazi ya kila mwezi, na chombo hakiendi mbali na maji. Basi nami natafuta faiba.

Mshipi Mrefu

Haya naendelea. TELA.

Hapa ndo nilipofanya utafiti zaidi kwa sababu ya ile siku ya Bunju. Kilichofanya tela lichezeshe mkia siyo uzito peke yake, ni uzito ulikokaa. Mashine iko nyuma kabisa, tenki la mafuta nyuma, na mimi kwa akili yangu nikaweka sanduku la barafu nyuma pia ili liwe karibu na mlango wa kushushia samaki. Pua ya tela, pale linapokaa juu ya lile boli la gari (tufe la chuma la kuvutia), ilikuwa nyepesi mpaka unainua kwa mkono mmoja. Nilijisifu kabisa kwamba tela langu limebalansi. Kumbe pua nyepesi ndo hatari yenyewe, tela linakuwa kama mshale uliofungwa manyoya mbele.

Kwa tela la boti pua inatakiwa ibebe kama asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wote. Kupima ni rahisi, chukua mizani ya kupimia mwili ile ya nyumbani, weka chini, juu yake simamisha kipande cha mbao chenye urefu wa kufika kwenye boli ya gari, halafu laza pua ya tela juu ya mbao. Tela liwe sawa kama linavyokaa kwenye gari, lisiinamie mbele wala nyuma. Funga tairi kwa mawe. Langu lile la kwanza lilisoma kilo 9. Tisa! Kwa kilo 1,120 nilitakiwa angalau 56.

Dawa yake ni kusogeza boti mbele, kile kistuli cha winchi (kinachoshika boti kwa mbele) unakifungua unakipeleka mbele. Hesabu iko hivi: uzito wa boti na vilivyomo, zidisha kwa umbali uliosogeza, gawa kwa umbali kutoka ekseli mpaka boli. Boti yangu na vitu vyake ilikuwa kilo 800, nikisogeza sentimita 20 na kutoka ekseli mpaka boli ni mita 4, napata 800 mara 0.2 gawa kwa 4, ni kilo 40. Ukijumlisha na zile 9 inakuwa 49, bado kidogo, nikahamisha na sanduku la barafu mbele ikafika. Ila angalia usisogeze mpaka tezi ikabaki inaning'inia hewani nje ya mbao za tela, sehemu yenye mashine lazima ikae juu ya kitu, la sivyo boti inapinda mgongo.

Mbongo Ughaibuni

Mkuu hapa umegusa penyewe. Mimi niko Minnesota, navuta boti ya alumini futi 16 kwa Toyota Tacoma, huku kila mtaa una boti uani. Naongeza mawili.

La kwanza ni boli. Kuna boli za inchi 1 na 7/8, ambayo ni kama milimita 47 na nusu, kuna za milimita 50, na kuna za inchi 2 ambayo ni karibu 51. Kwa macho zinafanana kabisa. Kikombe cha tela cha 50 ukikiweka juu ya boli ndogo kinafunga, unasikia klak, unaamini, halafu kwenye tuta kinaruka. Namba imegongwa juu ya boli na juu ya kikombe, zisomwe zote mbili. Ukishafunga, chukua jeki ya pua jaribu kuinua, gari liinuke pamoja na tela. Likiinuka tela peke yake hujafunga.

La pili minyororo. Iwe miwili na ipishane kama X chini ya pua, ili kikombe kikiruka pua ianguke juu ya minyororo na siyo kwenye lami.

Alafu boti ya alumini msiipuuze kama mtaipata, ya futi 14 ya wazi ni kilo mia na kitu tu, gari ndogo inaivuta kama haipo. Ubaya wake ni nyepesi kwenye mawimbi na kwa maji chumvi inataka kuoshwa kila safari.

Mwanza Kirumba

Wakuu na sisi wa ziwani tupo. Huku hatuna kupwa na kujaa wala chumvi kwahiyo beringi zetu zinaishi. Ila nawaomba kitu kimoja kwa yeyote anayefikiria kuvuta boti kutoka maji haya kwenda maji yale, sijui atoke Victoria aende Mtera au bwawa jingine. Gugumaji lilituingilia ziwani miaka ya mwisho ya 80 na mpaka leo linatutesa, kuna siku mwalo unazibwa kabisa mtumbwi hautoki. Kipande kidogo tu kwenye tela kinatosha kuota sehemu nyingine. Mwaga maji yote ya ndani ya boti, ng'oa majani kwenye ekseli na pangaboi, osha, kausha juani ndo uhame.

Mbongo Ughaibuni

Huku kwetu hilo ni sheria kabisa, ukiwa barabarani na boti kizibo cha chini lazima kiwe kimetolewa maji yatoke. Wanakusimamisha.

Mwanza Kirumba

Safi sana, na nyie wa kushusha boti mabwawani vaeni mabuti, kichocho kipo. Mtu anasimama majini hadi mapajani nusu saa anahangaika na winchi.

Mkulima Kibiti

Mi nina swali tofauti. Kwanini mnajitesa na kuvuta? Si unaiacha boti dikoni (pale boti zinapoegeshwa) na mlinzi, unaenda na gari tupu? Mimi hata Hilux sina nina Noah.

Mshipi Mrefu

Mkuu ni swali zuri na kwa watu wengi hilo ndo jibu sahihi. Kama unavua sehemu moja tu na una mtu unayemwamini pale, acha boti pale, ondoka na mashine tu. Mashine ya 15 watu wawili wanaibeba, inaingia nyuma ya Noah ikiwa imelazwa upande sahihi uliochorwa kwenye kitabu chake.

Mimi navuta kwa sababu mbili. Boti ikikaa majini muda wote tumbo linaota kombe na majani, mwezi mmoja tu mwendo umepungua na mafuta yamepanda. Na ya pili napenda kubadilisha bahari. Kusi ikivuma kuanzia mwezi wa 5, 6 kwenda mbele huku Kunduchi kunachafuka, naweza kwenda sehemu yenye kinga. Kaskazi ikiingia kuanzia Desemba nakwenda Bagamoyo, na mwaka jana nilivuka daraja la Mkapa pale Rufiji nikaenda mpaka Kilwa Masoko. Zaidi ya kilomita 300 na tela nyuma, mwendo wa 70, nikasimama kila saa moja kushika bosi za tairi (vile vitovu vyenye beringi) kwa mkono. Zikiwa za uvuguvugu endelea, ukishindwa kuweka mkono beringi inakufa.

Kijana wa Goba

Kaka hizo beringi naomba ufafanue maana wengi nasikia tela zao zinakatika tairi njiani.

Mshipi Mrefu

Sikiliza mdogo wangu. Umeendesha saa nzima, bosi ni ya moto, hewa ya ndani imetanuka. Unafika ufukweni unarudisha tela majini mara moja, bosi inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na inanyonya, na kilichopo nje ni maji ya chumvi. Yanapita kwenye sili yanaingia kwenye grisi. Wiki inayofuata kuna kutu, wiki ya nne inalia, wiki ya sita tairi inakupita barabarani.

Kwahiyo ukifika subiri. Paki, panga vitu, weka kizibo cha boti, fungua kamba za kufungia, chomoa waya wa taa, nusu saa imeisha bosi zimepoa, ndo ushuke. Tumia grisi ya majini ile ngumu, siyo yoyote ya dukani. Mimi kila baada ya safari tano sita nafungua, nasafisha kwa mafuta ya taa, napaka upya, na kwenye gari nina beringi za akiba zimeshapakwa grisi, bosi moja nzima na spana zake, na tairi ya akiba ya tela. Watu wanabeba tairi ya akiba ya gari wanasahau ya tela.

Kuhusu kushua sasa. Dar maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Siku za bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita tatu, na kwa ufukwe wetu ulio bapa maji yanakimbia mamia ya mita. Mara yangu ya pili nilishua maji yamejaa vizuri, narudi saa nane mchana bahari imeondoka, boti imekaa kwenye tope na mwani, gari liko kule juu. Nikajifanya kuteremsha gari kwenye ule mchanga mbichi. Haina fowili. Tairi zikazama mpaka ekseli na maji yakaanza kurudi. Walionitoa ni wavuvi wa pale, watu kumi na kamba yao ya nanga, hawakuniacha mpaka gari lilipokanyaga nchi kavu. Nawaheshimu sana wale watu na ndo maana nasema ukienda kwenye diko la watu salimia, jitambulishe kwa BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe), uliza wapi pagumu.

Saivi nafanya hivi. Nachagua siku za maji mafu ambapo bahari haikimbii sana. Nashua masaa mawili kabla ya maji kujaa na narudi ndani ya dirisha hilohilo au nasubiri linalofuata. Tairi za nyuma natoa upepo mpaka PSI 18 kabla ya kugusa mchanga, nina pampu ya kujaza tena. Na muhimu kuliko yote nina kamba nene ya mita 20, gari linabaki juu kwenye pagumu, tela nalifungua linashuka kwa mikono na gurudumu la pua, likipakia boti nalivuta kwa kamba polepole kwa gia ya kwanza. Gari halijagusa maji ya chumvi tangu siku ile.

Fundi Faiba

Hiyo kamba ni busara. Niongeze, boti ikiwa kwenye tela barabarani isifungwe kwa winchi peke yake. Mkanda mmoja pale mbele, miwili nyuma kutoka kwenye tezi kwenda kwenye tela. Na mashine isiachwe imeinuliwa kwa kile kikulabu chake tu, kila tuta inapiga ukuta. Weka mti wa kuegemeza kati ya mguu wa mashine na tela.

Mvita

Na vibali je huko kwenu?

Mshipi Mrefu

Tela lina kadi yake na namba yake, usitoke na namba ya gari umeifunga kwa waya nyuma. Boti inasajiliwa, mambo ya usalama wa vyombo vidogo yako chini ya TASAC (shirika la serikali la uwakala wa meli), na leseni ya uvuvi unaipata kwa afisa uvuvi wa halmashauri unakovua. Laifujaketi kwa kila kichwa, na siyo za kukalia. Taa za tela zifanye kazi zote maana usiku boti haionekani mpaka mtu ameshakugonga.

Kijana wa Goba

Wakuu nimerudi. Nilienda Kunduchi jana asubuhi na nyundo. Ile yenye rangi mpya ukuta wa nyuma ulipumua kama mzee alivyosema, muuzaji akasema ni kawaida, nikaondoka. Jirani yake akaniita ana nyingine rangi imechakaa, imegonga vizuri kote, ukuta mgumu, mashine 15 shafti fupi na ukuta nikaupima inchi 15 kamili. Tukaijaribu majini, tumepatana na tela lake.

Leo nimeipima ikiwa na tenki limejaa, petroli lita 25 na oili nusu lita. Jumla 580. Pua kwenye mizani ikasoma 22. Kutoka ekseli mpaka boli ni mita 3 na nusu, boti na vitu vyake kilo 400.

Mshipi Mrefu

Safi sana mdogo wangu, hongera. Pua 22 ni ndogo, kwa 580 unataka angalau 29, na karibu na 40 ndo nzuri. Sogeza kistuli cha winchi sentimita 15. 400 mara 0.15 gawa kwa 3.5 ni 17. Angalia tezi isitoke nje ya mbao.

Kijana wa Goba

Nimesogeza kaka, tezi bado iko juu ya mbao. Mizani inasoma 39. Boli ni 50 na kikombe ni 50, nimesoma zote kwa tochi. Jumamosi maji mafu, saa ngapi nikukute?

Mshipi Mrefu

Saa kumi na moja alfajiri, pale njia panda ya Kunduchi. Nitakuja na kamba.